Dawa Isiyouzwa Dirishani

Daktari Sirje hakuniandikia kidonge kipya.
Alizungusha kiti, akanitazama juu ya miwani,
akaandika kwa wino wa buluu, mwandiko wa kuku aparuaye:
Kinamasi. Mara mbili kwa juma. Saa mbili kila mara.
Simu ibaki garini.

Nikacheka, cheko la mtu aliyekereka.
Miaka ishirini na tisa naendesha winchi bandarini Tallinn,
nakaa angani ndani ya kisanduku cha kioo,
napanga makontena ya watu nisiowajua,
kodi nimelipa, Estonia hainidai hata senti,
leo naandikiwa matope?

Lakini presha ilipanda ikagoma kushuka,
na usiku king'ora cha winchi kilinililia sikioni,
pii, pii, pii,
hata nikifunika kichwa kwa mto.
Usingizi ulikwisha nipa kisogo.
Mfa maji haachi kutapatapa.
Nikaenda.

Oktoba. Ukungu umelala juu ya maji meusi
kama utandu wa maziwa kwenye chai iliyopoa.
Njia ni mbao mbili mbili zilizolazwa juu ya kuvumwani,
na kila ukikanyaga ardhi yote inatikisika,
inashuka kidogo, inapanda kidogo,
godoro la mtu mzito anayejigeuza.
Misonobari ya pale imenizidi umri, nasikia,
wala hainifiki begani:
imekulia njaa, ikaamua kutoharakisha.

Siku ya kwanza sikuona kitu.
Nilihesabu mbao hadi mia nne na kumi na tatu.
Nilitazama saa mara kumi na moja.
Nilimkasirikia chura.

Siku ya tatu nilimkuta Helve, wa ghorofa ya chini yangu,
amepiga magoti kwenye chepechepe, ndoo ubavuni,
anachuma vitunda vyekundu visivyozidi ukucha.
Sikutarajia hekima, naye hakunipa.
Alilaani magoti yake, akalaani bei ya umeme,
akaniambia nimekanyaga vitunda vyake.
Nikainama nimsaidie.

Hapo ndipo.
Kuinama kule.
Uso karibu na ardhi nikanusa baridi,
na kutu, na majani yaliyokataa kuoza.
Vidole viliganda, kisha vikawaka.
Nikatia kitunda kimoja mdomoni: uchachu ule
ulinikunja uso mpaka machozi yakanitoka,
na yalipoanza hayakujua pa kukomea.
Helve akatazama pembeni, akaendelea kuchuma.
Kisha korongo wakapita, safu mbili zisizonyooka,
wanakwenda kusini, wanalia kama bawaba kavu,
nikawasindikiza kwa macho
mpaka mbinguni pakabaki weupe mtupu.
Niliporudisha kichwa nikagundua
mle sikioni hamna pii.
Sijui iliondoka saa ngapi.
Haikuaga.

Sisemi nimepona.
Kidonge cha asubuhi nakimeza bado,
Sirje si mjinga, na kinamasi si mganga.
Ila usiku ule nililala kama gogo lililozama,
lile la chini kabisa, ambalo hata samaki wamelizoea.
Na sasa kazini, juu kule kwenye kioo,
kontena likining'inia, upepo ukilichezea,
nakunja mikono, nangoja litulie lenyewe.
Zamani nililigombeza.

Karatasi ya daktari ningali nayo, mfuko wa koti, upande wa kushoto.
Imelowa, imekauka, imelowa tena,
vitunda vimepasukia humo na wino umekunywa wekundu wao.
Neno "kinamasi" linasomeka.
Zile "mara mbili" zimefutika,
nami sijarudi kwake kuuliza
zilikuwa ngapi.